Kano ya mguu inauma: namna ya kuchagua sapoti na soli, kuzivaa, na kuziacha

Aliyenigundulia ugonjwa wangu alikuwa fundi viatu. Ni kijana anayekaa karibu na soko la Mchikichini, pale Karume, chini ya mwavuli uliochanika, na nilikuwa nimempelekea simpo zangu nyeusi za kazini abadilishe soli kwa mara ya tatu mwaka ule.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea tena, mwanangu."

Akakigeuza kiatu cha kulia, akakisimamisha juu ya boksi lake la misumari. Kikaegemea ndani kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. "Hiki kinalala, mwalimu. Cha kushoto kimesimama. Nikikuwekea soli mpya utaila hivi hivi. Nenda kaangalie mguu."

Wakati huo nilishanunua sapoti mbili kwenye duka la dawa, zote soksi za kubana. Nilizivaa darasani kutwa nzima na maumivu ya ndani ya kifundo yalizidi. Soksi zenyewe hazikuwa mbovu. Zilibana vizuri, ila hazikuwa na kitu cha kuinua tao la unyayo lililokuwa linabonyea. Halafu nikifika nyumbani navua kila kitu mlangoni, natembea peku kwenye vigae mpaka saa ya kulala. Makosa yangu yalikuwa hayo mawili: sikujua ni kano ipi (kano ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa), na nilihesabu saa za kazini tu. Mwongozo huu umejengwa juu ya makosa hayo.

Kabla hujanunua chochote

Yapo maumivu ambayo ukiyavalisha sapoti unayaficha tu. Kama ulisikia mlio nyuma ya mguu, ukageuka uone nani amekupiga teke na hapakuwa na mtu, huenda kano ya kisigino imekatika. Lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, umwombe mtu akubinye shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, unyayo utacheza, vidole vikielekea chini. Usipocheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Umeteguka na huwezi kukanyaga hatua nne? Au ukibonyeza mfupa wa jicho la mguu, ule uliojitokeza pembeni ya kifundo, unaruka kwa maumivu? Kapigwe picha kwanza. Mguu ukiwa wa moto na mwekundu na una homa, au shavu la mguu mmoja limevimba ghafla baada ya safari ndefu ya basi au kulazwa, hilo nalo si la sapoti. Na mwenye kisukari ambaye nyayo zake zina ganzi asijifunge kitu chochote kigumu kabla ya kuonwa na mtaalamu, kwa sababu kidonda kinaweza kuchimbika ndani ya sapoti asihisi.

Kuna jingine ambalo hapa mjini hatulisemi vya kutosha: sipro. Dawa za jamii ya ciprofloxacin na levofloxacin, ambazo wengi tunazimeza kwa taifodi na UTI, zinajulikana kudhuru kano, hasa ya kisigino, na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60 au anayetumia steroidi. Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe mbele kabisa kwenye maelezo ya dawa hizo tangu 2008. Kano ikianza kuuma ukiwa kwenye dozi, pumzisha mguu na umrudie daktari kabla ya kidonge kinachofuata.

Itafute kano kwa kidole kimoja

Kaa kwenye kigoda, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Tumia ncha ya kidole kimoja, maana kiganja kitakuambia kila mahali panauma.

Anza nyuma. Kano ya kisigino ni ile kamba nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili. Ikiuma na kuwa na uvimbe mgumu sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, tatizo liko katikati ya kano. Ikiuma pale pale inaposhikana na mfupa, ni kano hiyo hiyo lakini mazoezi yake hubadilika kidogo, nitayafikia.

Kisha nenda ndani. Pitisha kidole nyuma ya jicho la mguu la upande wa ndani, lishushe chini kuelekea kwenye tao la unyayo. Hapo inapita kano inayolishikilia tao lisianguke. Ikichoka, tao hubonyea taratibu na kisigino huanza kulala kwa nje. Inawapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40, wenye uzito mkubwa, wenye kisukari na wenye presha. Mimi nilikuwa na sifa tatu kati ya hizo nne. Ipime hivi: shika ukuta, simama kwa mguu mmoja, panda juu ya vidole. Ukishindwa, au ukipanda kisigino kisigeuke kuelekea ndani, kano hiyo imedhoofika. Mtu akikutazama kwa nyuma ataona vidole vingi zaidi vikichungulia nje upande wa mguu mbovu kuliko wa pili. Mwanangu alihesabu vitatu na nusu huku, kimoja kule.

Kano za nje hupita nyuma ya jicho la mguu la nje. Huuma kwa aliyeteguka mara kwa mara, wachezaji wa mpira hasa, na kwa mwenye tao lililoinuka sana.

Na maumivu ya chini ya kisigino, yale ya hatua za kwanza asubuhi unapotoka kitandani, kwa kawaida ni ya utando wa unyayo na si ya kano. Soli ya kuweka ndani ya kiatu, ambayo ndiyo tutakayoizungumzia, humsaidia huyo pia, ila mengine mengi humu hayamhusu.

Ukitaka kulijua tao lako, lowesha unyayo na ukanyage sakafu kavu ya saruji. Unyayo mzima ukichapika bila kiuno katikati, tao limelala. Likitokea kisigino na vidole tu na uzi mwembamba kati yake, limeinuka. Fanya haraka, kwa joto letu alama inakauka ukiwa bado unaitafuta miwani.

Kiatu kwanza, soli baadaye

Soli nzuri ndani ya kiatu kinachopinda kama chapati haifanyi kazi. Binya kiatu nyuma kwenye kisigino: kiwe kigumu. Kikunje: kipindie kwenye vidole, sio katikati. Kisokote kama unakamua nguo: kikikamulika, kirudishe. Kiwe na kamba au mkanda wa juu, kwa sababu mguu unaochomoka hautulii juu ya soli. Kwa vigezo hivi simpo zote zinaanguka, na yeboyebo pia.

Raba za mtumba za Karume na Ilala mara nyingi huwa imara kuliko viatu vipya vya bei rahisi. Ila kabla ya kulipa, ziweke juu ya meza ya muuzaji, uchuchumae mpaka macho yalingane na visigino, uangalie kama zimesimama wima. Kiatu kilicholala kimebeba mwendo wa aliyekivaa Ulaya huko, na wewe una wako tayari wa kupambana nao.

Soli kwa kila kano

*Kano ya ndani.* Unahitaji soli yenye tao gumu, na mara nyingi kabari nyembamba upande wa ndani chini ya kisigino ili kukirudisha kisimame. Maduka ya vifaa vya tiba yamejaa soli za jeli laini, na muuzaji atakuambia ukanyage usikie raha. Zibonyeze tao kwa dole gumba. Likilala lote, hilo ni godoro, halimsaidii mtu wa kano hii hata kama linapendeza mguuni.

Za dukani zenye tao gumu zinawatosha watu wengi wa hatua za mwanzo. Anza nazo. Ikiwa mguu umeharibika umbo, mguu mmoja umelala sana kuliko mwingine, au umevaa za dukani wiki sita pasipo nafuu, tafuta za kutengenezewa. Karakana za viungo bandia na vifaa tiba zipo Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na CCBRT kule Msasani. Wataalamu wa kazi hii nchini husomea TATCOT, chuo kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1981, kwa hiyo usione haya kumuuliza anayekupima amesomea wapi. Nenda na viatu utakavyovaa kila siku, sio vya kanisani. Muulize pia kuhusu bima yako mapema, kabla hajachukua kipimo.

Ukiipata soli, toa kwanza ile iliyokuja na kiatu. Watu huweka juu yake, kisigino kinapanda, kiatu kinabana, wanasema soli ni mbaya.

*Kano ya kisigino.* Hii haihitaji tao, inahitaji kisigino kipande juu ili kano isivutwe kila hatua. Kipandisho cha milimita 6 hadi 12 kinatosha, na weka viatu vyote viwili hata kama unaumwa mguu mmoja, la sivyo utahamishia shida kiunoni. Fundi viatu anaweza kukukatia kwa raba ngumu ya ndala. Mpe maelekezo matatu: kianzie nyuma kabisa na kiishie kabla ya tao, ukingo wa mbele uchongwe hadi uishe kama kisu kusiwe na ngazi, na kiwe cha tabaka mbili nyembamba badala ya kipande kimoja kinene. Tabaka zitakufaa wakati wa kushusha. Wangu alinoa kwa kisu cha soli, akakiweka kiganjani na kukipapasa macho kafumba, akanoa tena. Sponji usikubali, itabonyea ndani ya wiki.

*Kano za nje.* Kabari huwekwa upande wa nje wa kisigino. Tahadhari ni moja: soli yenye tao refu itakusukuma nje zaidi na kukuumiza. Rafiki akikuazima soli zake zilizomponya, mrudishie.

Saa za nyumbani

Hapa ndipo wengi tunapoponyoka. Mfanyakazi anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa moja jioni, anavua viatu mlangoni kama adabu inavyotaka. Kisha anapika, anafua, anaswali, anapanda na kushuka ngazi, yote peku au kwa ndala. Jumapili anashinda hivyo kutwa. Hesabu saa zako za kusimama kwa wiki, utashangaa ni ngapi mguu haukuwa na msaada wowote.

Dawa yake ni viatu vya ndani tu, visivyovuka kizingiti. Tafuta sandozi imara yenye mkanda wa nyuma na tao lililojengwa ndani, au weka soli zako kwenye raba safi uliyoitenga kwa nyumba. Wageni watakuuliza. Mama mkwe alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akauliza kama tumekuwa wazungu. Nilimwonyesha mguu, akaishia kutaka na yeye za kwake.

Mwenye kano ya kisigino ajue pia kwamba choo cha kuchuchumaa huivuta sana. Kama nyumba ina cha kukaa, kitumie miezi hii.

Kuchagua sapoti

Soksi ya kubana hupunguza uvimbe na kukukumbusha usipeleke mguu hovyo, basi. Haizuii kifundo kugeuka.

Sapoti ya kamba, inayofungwa kama buti na kuzungushiwa mikanda, huzuia kugeuka ndani na nje. Hii ndiyo ninayoiona inafaa zaidi kwa kano za nje, na kwa kano ya ndani isiyo mbaya sana ikivaliwa pamoja na soli.

Yenye mbavu za plastiki pande zote mbili hushika zaidi. Kano ya ndani iliyokwisha kubonyeza tao huihitaji, au kifaa kirefu cha kutengenezewa kinachopanda hadi kwenye muundi. Buti la kutembelea ni la maumivu makali, ambapo daktari anataka mguu utulie wiki kadhaa. Hilo usijinunulie mwenyewe. Kuna wanaofungwa hogo, yaani plasta ngumu, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa kano ya kisigino, sapoti ya kifundo kwa kweli inasaidia kidogo. Pesa yako iweke kwenye kipandisho na mazoezi.

Jipime jioni, mguu ukiwa umevimba kawaida yake ya siku. Zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye kifundo, juu kidogo ya jicho la mguu, uandike sentimita, ulinganishe na jedwali la kwenye boksi. Namba ya kiatu peke yake inadanganya. Anayeswali achague ya mikanda ya kunata badala ya kamba, kwa sababu ataivua na kuivaa mara nyingi kwa siku, na ya kamba ataanza kuifunga legelege kufikia alasiri.

Kuivaa

Vaa soksi ya pamba kwanza, ndefu kupita sapoti, isiyo na mkunjo. Kaa, kisigino kiguse sakafu, unyayo na muundi vifanye pembe ya mraba. Ukifunga mguu ukiwa umening'inia, vidole vikielekea chini, sapoti itakubana ukisimama. Sukuma kisigino hadi nyuma kabisa. Kaza kuanzia chini kwenda juu. Mikanda ya pembeni, kwa kano ya ndani, vuta ule unaotoka chini ya unyayo ukipanda upande wa ndani ndio uwe wa mwisho na wenye nguvu zaidi, uone unaliinua tao. Kwa kano za nje, kinyume chake.

Sasa pitisha kidole kimoja chini ya mkanda. Kisipoingia, legeza. Bonyeza ukucha wa dole gumba la mguu mpaka uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ganzi, ubaridi au vidole kubadilika rangi, fungua hapo hapo, hata kama uko ndani ya mwendokasi.

Soli nazo zina ratiba. Siku ya kwanza zivae kwa saa moja au mbili, kisha ongeza saa moja kila siku, hadi wiki mbili hivi. Uchovu wa misuli ya unyayo ni kawaida. Malengelenge si kawaida. Kila unapovua tazama ngozi: wekundu uishe ndani ya nusu saa. Ukibaki, sehemu hiyo inasuguliwa, rudi kwa aliyetengeneza achonge.

Joto na unyevunyevu wa pwani vitakupa fangasi katikati ya vidole usipojihadhari. Uwe na soksi za kubadilisha mchana. Sapoti ifue kwa mkono, sabuni kidogo, uianike kivulini penye upepo. Jua la saa saba linakausha mpira wake ukapasuka. Usiku mguu upumzike, isipokuwa umeagizwa vingine.

Mazoezi

Sapoti inaipunguzia kano mzigo, haiipi nguvu. Nguvu huja kwa kuipakia taratibu, na kano ni nzito kupona: hesabu miezi mitatu, kano ya ndani hata sita.

Kwa kano ya kisigino, utaratibu uliotangazwa na daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998 ungali unatumika. Simama kwenye ukingo wa ngazi, panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu mbovu hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, raundi tatu goti likiwa limenyooka, raundi tatu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Ambaye inamuuma pale penye mfupa ashukie sakafuni tu, asipitilize.

Kwa kano ya ndani, simama umebana mpira wa tenisi katikati ya visigino, upande na kushuka bila kuuachia. Anza kwa miguu yote miwili. Pia funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa kitanda, pitisha mguu, uvute unyayo kwa ndani polepole. Kano za nje, vuta kwa nje.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, tuseme tatu au nne kati ya kumi, mradi kesho yake asubuhi yasiwe yamezidi ya jana. Yakizidi, punguza idadi, usiache. Na ukiambiwa uchomwe sindano ya steroidi kwenye kano ya kisigino, uliza maswali mengi, kwa sababu huongeza hatari ya kukatika.

Kuacha

Ukiweza kupanda kwa mguu mmoja mara kumi bila kushika ukuta kwa nguvu, anza kuivua sapoti ndani ya nyumba ukiwa na viatu vyako vya ndani. Wiki inayofuata vua kazini nusu siku. Ibakize kwa safari za kusimama na njia zenye mashimo, na kwa mchanga wa ufukwe wa Coco, ambao unageuza kifundo kuliko unavyodhani. Mwenye kipandisho amwambie fundi abandue tabaka moja, akae wiki mbili, kisha la pili.

Soli ya tao usiiache mapema. Kwa aliyelaza tao, mimi nikiwemo, ni ya kudumu. Ikague kila baada ya miezi michache kwa dole gumba lile lile ulilotumia dukani, na kiatu ukisimamishe mezani ukitazame kwa nyuma. Changu cha kulia bado kinalala, lakini kidogo, na nimebadilisha soli mara moja tu mwaka huu. Fundi analalamika nimemkimbia.